Weka Alama Kwenye Kisanduku Kimoja Tu

Fomu ilikuwa ya kurasa mbili, na kikao kilikwama kwenye swali la nne. "Aina ya onyesho," fomu iliuliza, na chini yake vikapangwa visanduku vitatu: muziki, dansi, utamaduni. Pembeni, kwa herufi ndogo, liliandikwa sharti: weka alama kwenye kisanduku kimoja tu. Swali la tano waandaaji walikuwa wamelijibu wenyewe. Muda wa kila kikundi jukwaani ni dakika kumi.

Shughuli yenyewe ni Siku ya Wakimbizi Duniani, inayoadhimishwa kila Juni 20 tangu 2001. Tarehe hiyo Umoja wa Mataifa uliikuta Afrika, ambako tayari ilikuwa siku ya wakimbizi wa bara hilo. Mahali ni Northland, upande wa kaskazini wa jiji la Columbus, Ohio. Sauti nne zitakazosikika hapa zimebuniwa ili mjadala upate vinywa. Historia inayowafanya washikane mashati ni ya kweli.

Northland iliwahi kujulikana kwa jumba lake kubwa la maduka, lililofunguliwa 1964 na kufungwa 2002. Miaka jumba hilo lilipokuwa likififia ndiyo miaka wageni walipokuwa wakiongezeka. Leo ukipita Morse Road au Cleveland Avenue unasikia Kisomali, Kinepali, Kihispania, Kiamhari na Kiswahili kabla hujafika taa za pili. Columbus ina jamii ya Wasomali inayozidiwa na ya Minneapolis peke yake nchini Marekani, na ndani ya jamii hiyo wamo Wabantu wa bonde la Juba, ambao baadhi yao nyumbani huzungumza Kizigua.

Kwa wasemaji wa Kiswahili, Northland pia ni njiapanda. Barabara kuu namba 71 huanzia Louisville, Kentucky, ikapita Columbus na kuishia Cleveland. Ukikata kulia hapo, ukaandamana na Ziwa Erie kwa namba 90, utatokea Buffalo, New York. Arusi ikiwa Louisville, Buffalo wataendesha gari usiku kucha. Msiba ukiwa Buffalo, Louisville watachanga mafuta. Ndiyo maana sebule hii ya Northland imejaa watu wa miji mitatu, na viatu vimerundikana mlangoni hadi mlango haufungi.

Bibi ndiye mwenye nyumba. Ni Mzigua wa Juba, aliyepitia Dadaab na Kakuma. Kijana ametoka Louisville. Alizaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa wazazi wa Kivu ya Kusini, na kazi yake ya mwisho wa juma ni kuwafundisha wapambe wa maharusi namna ya kuingia ukumbini. Mpiga ngoma ni Mrundi wa Buffalo. Wa nne ni mwalimu wa kwaya, mzaliwa wa Uvira, ambaye kila mtu humwita Mwalimu, hata wanaomzidi umri.

"Tia dansi tuendelee," Kijana akasema. "Tunacheza, sivyo?"

"Na nyimbo?" Mwalimu akauliza.

"Basi muziki."

Bibi alikuwa akimimina chai. "Mwanangu, hicho mnachokitafuta kinaitwaje kwa lugha yenu?"

"Ngoma, Bibi."

"Haya. Kisanduku cha ngoma kiko wapi?"

Hakikuwepo, wala isingekuwa rahisi kukichora. Kwa Kiswahili ngoma ni kile chombo kilichowambwa ngozi. Ni wimbo unaoimbwa juu yake. Ni mwendo wa miguu na kiuno. Tena ni shughuli nzima, kama mtu anaposema kwa fulani kuna ngoma usiku. Kirundi kimekwenda mbali zaidi, kwa kuwa *ingoma* ni chombo na pia ni ufalme. Wataalamu wa vyuo wanaweza kuuliza muziki na dansi vinahusianaje na utamaduni. Kwa Bibi swali hilo ni sawa na kuuliza ugali unahusianaje na sima.

Mwalimu hakukubali kirahisi. "Bibi, neno kuwa moja si hoja. Neno 'kaa' nalo ni moja, kuna kaa wa pwani na kaa la moto. Watu wametenganisha vitu hivi siku zote. Mimi kanisani kwetu utotoni gitaa liliruhusiwa, ngoma ikakatazwa. Wimbo uliruhusiwa, kiuno kikakatazwa. Na tuliimba, tena vizuri."

Alichokieleza kiliwakuta wengi. Wamisionari wengi wa Mashariki ya Kongo waliuchukua wimbo na kuuacha mwili nje ya mlango. Chombo kutoka Ulaya kilionekana safi, na chombo cha kijijini kikanuka mizimu. Wakatoliki walibadilika mapema zaidi: 1988 Vatikani iliidhinisha misale ya majimbo ya Zaire, ambamo mapadre na wahudumu huizunguka altare kwa mwendo wa kucheza, na Desemba 2019 Papa Fransisko aliongoza misa kwa utaratibu huo katika Basilika la Mtakatifu Petro. Kwaya za Kiprotestanti nazo hazikungoja ruhusa ya mtu. Mwili ulirudi wenyewe, hatua moja kulia, hatua moja kushoto, mpaka leo kwaya isiyocheza huonekana kama imefiwa.

"Kwa hiyo walitenganisha," Bibi akasema, "na vikarudiana."

"Vikarudiana, ndiyo. Lakini kwa miaka mingi vilikaa mbalimbali na hakuna aliyekufa."

Hapo Mpiga ngoma akaweka kikombe chini. Alikuja na ngoma moja tu kati ya saba, kwa sababu gari lake ni dogo, na alikuwa ameiegemeza ukutani mbali na hita. Hita ndiyo adui yake. Buffalo, mwezi wa Januari, hewa ya ndani hukauka mpaka ngozi ikakaza na kulia kama debe. Julai unyevu wa ziwa huilegeza ikawa inanong'ona. Kwao ngoma huanikwa juani ikakaza. Yeye hutumia mashine ya binti yake ya kukaushia nywele, akiizungusha polepole kutoka ukingoni kwenda katikati, huku akigonga kwa kidole na kutega sikio. Ngozi yenyewe kuipata ni kazi. Ngozi mbichi ya mbuzi haipiti forodha ya Marekani hivi hivi, kwa hofu ya kimeta, na hofu hiyo ina msingi: 2006 mtengenezaji ngoma wa New York aliugua kimeta baada ya kushughulikia ngozi zilizotoka Afrika.

"Mwalimu, unasema hakuna aliyekufa," akasema. "Mimi nimezaliwa kambini Tanzania. Wazazi wangu walikimbia 1972. Ngoma ya mfalme nimeipigia kambini, na mfalme mwenyewe aliondolewa 1966. Mti wa kwetu wa kuchongea, ule tunaouita *umuvugangoma*, mti unaoifanya ngoma iseme, hapa haupo. Nimekosa mfalme, nimekosa mti, na ile sikukuu ya kupanda mtama iliyokuwa na ngoma zake, hapa theluji inalala. Sasa niambie, nilichobaki nacho ni muziki, ni dansi au ni utamaduni?"

"Ni urithi," Mwalimu akajibu. "UNESCO wameuandika."

Wameuandika kweli. Mwaka 2014 ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, mwaka uleule Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kenya ilipoingia katika orodha ya vilivyo hatarini kupotea. Rumba ya Kongo ikafuata 2021. Maelezo ya urithi wa Burundi yanataja ngurumo iliyopangwa, mwendo wa mwili, mashairi ya kishujaa na nyimbo, vyote kwa pamoja. Idadi ya ngoma sharti iwe witiri, na hupangwa nusu duara. Waliotunga maelezo hayo hawakuombwa kuchagua kisanduku kimoja.

"Orodha hiyo naijua," akasema Mpiga ngoma. "Miaka mitatu baadaye ikaja amri."

Oktoba 2017 Rais Pierre Nkurunziza alitia saini amri ya kuwakataza wanawake kupiga ngoma hizo, wakabakishiwa kucheza tu. Vikundi vikatakiwa kujiandikisha wizarani na kulipia kibali cha kutumbuiza. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda asili. Waliopinga walikumbusha kwamba vikundi vya wanawake vilikuwa vimeshapata jina, ndani na nje ya nchi.

"Binti yangu ana miaka kumi na minne," akaendelea. "Ndiye anayeshika ngoma ya katikati, ile inayoongoza. Gitega, Burundi, asingeruhusiwa. Buffalo anaongoza kaka zake. Je, yeye ameua asili au ameipa umri?"

Mwalimu alijikuna kidevu. "Baba, nitakujibu kwa heshima. Amri ile siipendi. Lakini usiniambie kila mabadiliko ni uhai. Wewe umebadilisha kwa sababu hukuwa na wavulana wa kutosha."

"Ndiyo, Mwalimu. Ndivyo kila kitu kinavyobadilika."

Bibi alicheka mpaka chai ikamwagika.

Kijana, aliyekuwa amenyamaza muda huo wote, aliona upenyo. Alikuwa amesoma kitabu cha mwanahistoria Terence Ranger cha 1975 kuhusu beni, na tangu hapo hawezi kuvumilia mtu anayesema "ngoma ya asili" bila kumuuliza asili ya lini. Beni ilichipuka miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890. Waswahili waliiona bendi ya kijeshi ya Wazungu, wakaichukua: tarumbeta, gwaride, sare, vyeo vya kujibandika. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaisambaza pamoja na askari na wapagazi, na katika miji ya Tanganyika vyama vya Marini na Arinoti vikashindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa kutukanana kwa nyimbo. Wakoloni wakatia shaka: hii ni ngoma au ni siasa?

"Na kumbe ilikuwa vyote," akasema. "Vyama vile vilizikana, vikakopeshana, vikapokea wageni mjini. Walianza kwa kuiga bendi ya watu wengine, na leo mjukuu wao anaiita ngoma ya babu. Basi na mimi niacheni. Nachanganya ndombolo na amapiano, naweka hatua mbili za Kibembe, watoto wa Louisville wanajifunza kwenye TikTok kwa nusu dakika. Miaka hamsini ijayo itakuwa asili. Dakika kumi mnaziogopa za nini? Mimi kwa dakika kumi nawapa historia nzima."

"Ngoma ya watoto haikeshi," Bibi akasema.

"Haikeshi kwa sababu ukumbi unafungwa saa sita, Bibi. Ukizidisha wanakata amana."

Hoja ya Kijana kuhusu dakika kumi ina wazee wake, tena wazito. Desemba 10, 1962, siku Tanganyika ilipokuwa jamhuri, Julius Nyerere alitangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wengi walijua twisti na rumba kuliko gombe sugu, kiduo au lelemama. Dawa iliyopatikana ilikuwa jukwaa. Likaundwa kundi la taifa la ngoma, likakusanya wachezaji wa makabila mbalimbali, kila mmoja akafundishwa ngoma za wenzake. Duara likafunguliwa upande mmoja ili mgeni rasmi aone. Ngoma iliyokuwa ikikesha ikapimwa kwa saa ya mkononi. Kenya ikafungua njia yake kwa Bomas, iliyoanzishwa 1971 nje kidogo ya Nairobi, ambako mchezaji mmoja aliweza kucheza ngoma za jamii kadhaa alasiri moja. Uganda ilikuwa na Heartbeat of Africa, na Bagamoyo ikapata chuo chake cha sanaa 1981. Kabla yao wote alikuwepo Fodéba Keïta wa Guinea, ambaye kundi lake la Les Ballets Africains, lililozaliwa Paris 1952, lilizuru Marekani 1959 na kuwaachia Wamarekani wengi picha moja ya ngoma ya Afrika: djembe.

Ndiyo maana Mpiga ngoma akialikwa shuleni Buffalo huulizwa kwanza kama ameleta djembe. Alikuwa akichukia. Siku hizi hachukii, na sababu yake ni majirani.

"Kule kwetu Buffalo," akasema, "Wamarekani weusi wana kituo chao cha utamaduni tangu 1958. Wanafundisha watoto ngoma. Nilidhani wanaiga. Mzee mmoja akanikalisha, akanipa habari ya Stono."

Stono ni mto wa South Carolina. Septemba 1739 watumwa, wengi wao wakidhaniwa kutoka ufalme wa Kongo, waliinuka huko, wakaandamana kwa bendera na ngoma huku wakiwaita wenzao mashambani. Uasi ulizimwa kwa damu. Sheria ya watumwa iliyopitishwa jimboni humo 1740 ilipiga marufuku ngoma, pembe na ala nyingine za sauti kubwa zinazoweza kuwaita watu.

"Sheria haikujali ngoma ni nzuri au mbaya, ya asili au ya kuiga," akasema. "Iliogopa watu kuitika. Basi mzee yule akaniambia, djembe yenu mnaiona si yenu, sisi tuliipokea kama mtu anayerudishiwa nguo yake, hata kama si saizi."

Sebule ilitulia kidogo. Mtoto mmoja alipita akikanyaga miguu ya watu.

Mwalimu ndiye aliyevunja kimya. "Kuna upande wa pili wa jambo hilo, na nitausema mimi kwa kuwa niliuishi. Nyie mnaogopa ngoma kukatazwa. Mimi nimewahi kulazimishwa. Shule ya msingi, enzi za Rais Mobutu: tulicheza asubuhi kabla ya masomo, tukimsifu mkuu na chama. Walikuita usipokuja. Hatua zilikuwa zetu, mapigo yetu, vitambaa vyetu. Tulikuwa na muziki, tulikuwa na dansi, na waziri alisema huo ni utamaduni. Visanduku vyote vitatu vilijaa. Na haikuwa ngoma."

Animasio, kama ilivyoitwa, ilishamiri Zaire miaka ya 1970 bega kwa bega na siasa ya uhalisi iliyowavua watu majina ya ubatizo na kuibatiza upya nchi. Watumishi wa ofisi, wanafunzi na wanawake wa mitaani walipangwa safu kwa safu kuchezea sifa za rais. Dunia iliionja serikali hiyo kwenye kilele chake 1974: Septemba 22 hadi 24, tamasha la Kinshasa lililowakutanisha James Brown, Miriam Makeba, Celia Cruz, Franco na Tabu Ley, na Oktoba 30, pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Ali alikuwa mtoto wa Louisville, na huko ndiko alikozikwa 2016. Wakongomani wanaofika mji huo leo hulikuta jina lake barabarani na kwenye jumba lake la makumbusho, na wazee wao huwaeleza watoto jinsi uwanja mzima ulivyomwimbia kwa Kilingala.

"Kule uwanjani watu waliitika kwa kutaka," Kijana akasema taratibu.

"Ndiyo. Enzi ileile, kwenye nchi ileile. Tofauti unaiona?"

Bibi alikuwa ametandika mkeka, akaketi chini, dalili kwamba sasa zamu ni yake. Habari ya watu wake ni ndefu, na aliifupisha kwa namna wazee wanavyofupisha, yaani kwa kuanzia mbali. Karne ya 19, njaa ilipowakaba Wazigua nyuma ya pwani ya Tanga na Bagamoyo, wengi walichukuliwa utumwani hadi Barawa na mashamba ya kusini mwa Somalia. Walitoroka wakaingia msitu wa mto Juba, na masimulizi yao yanamtaja mwanamke, Wanakhucha, aliyewaongoza. Humo waliishi vizazi kadhaa. Vita vya 1991 vikawafukuza hadi kambi za Kenya. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea Wabantu wa Somalia wapatao 12,000, na kuanzia 2003 wakatawanywa katika miji kadhaa, Columbus, Louisville na Buffalo ikiwemo. Wengine walirejea Tanzania, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye uraia. Walipofika huko walielewana na wenyeji kwa Kizigua, baada ya zaidi ya karne moja na nusu.

"Lugha ilibakije?" Bibi akauliza. "Hatukuwa na shule ya Kizigua. Hatukuwa na kitabu. Tulikuwa na mviko."

Mviko ni mila na ngoma zake, zinazorithiwa kwa upande wa mama. Mtafiti Mwitaliano Francesca Declich, aliyefanya kazi bondeni Juba miaka ya 1980, aliandika kwamba kwa Wazigua wa huko ngoma za namna hiyo ndizo zilizokuwa zikiwaonyesha watu ni wa nani. Aliyehitaji kujua ukoo wake hakuulizia cheti. Aliangalia ni ngoma ya nani anayoitwa akapike, akaitikie, akatoe kuku.

"Sasa sikilizeni," Bibi akasema. "Mwanangu wa Louisville anasema hatua zinabadilika. Kweli. Mama yangu hakucheza kama mama yake. Baba wa Buffalo hana mti, hana mfalme, na ngoma anayo. Mwalimu alikuwa na hatua zote, na ngoma hakuwa nayo. Kwa hiyo hatua siyo. Mti siyo. Mimi naona ni kuitika. Anayeimba akitoa, yuko mwenye haki ya kurudisha, na asiporudisha kesho ataulizwa. Ukiwapandisha watu wanne juu ya mbao, na mia mbili umewakalisha vitini kimya, umemnyima nani? Si wale wanne. Ndiyo wahenga wakasema mcheza kwao hutunzwa."

"Kwetu wapi, Bibi?" Kijana akauliza, na sauti yake haikuwa ya kubisha. "Nyarugusu? Kivu sijaiona. Louisville wananiita Mwafrika. Nani atanitunza?"

Bibi hakujibu. Alimtaka aeleze anavyoingiza maharusi.

Kijana akaeleza, kwanza kwa kujivunia. Wapambe hupangwa safu mbili mlangoni, wanaume na wanawake. Wanaenda hatua nne mbele, moja nyuma, wanageuka, wanainama, waliotangulia wakipunguza mwendo ili walio nje wapate nafasi. Kutoka mlangoni hadi meza ya maharusi, kwenye mazoezi, ni dakika kumi na mbili. Amezipima.

"Na siku ya arusi?"

"Siku ya arusi huwa arobaini."

"Kwa nini?"

"Shangazi hawakai vitini. Dijei akifika katikati ya wimbo mama mmoja anainuka, anamfuata mpwawe, anambandika dola kwenye paji la uso. Mwingine anaona, naye hataki ionekane upande wao haukutoa. Wanaingia kwenye safu, wanaharibu mpango. Mwenzangu ananipigia kelele muda umekwisha. Mimi namwambia dijei arudie mwanzo." Akanyamaza. "Nilikuwa nadhani hiyo ndiyo kasoro."

Mwalimu alikuwa wa kwanza kucheka, halafu akaongeza, kwa sababu hapendi kushindwa bila kuacha alama: "Jukwaa msilitukane sana. Bila majukwaa yale ya Dar es Salaam na Nairobi, vijana wa mijini wasingezijua ngoma za jirani zao hata kwa jina. Kuonyeshana nako ni kazi."

"Ni kazi," Mpiga ngoma akakubali. "Ndiyo maana naenda shuleni na ngoma yangu, nachukua bahasha yangu, narudi. Lakini binti yangu hakujifunza shuleni. Alijifunza kwenye misiba na ubatizo, na siku za mavuno kule Orchard Park."

Orchard Park iko kusini ya Buffalo, na humo limo shamba la Providence Farm Collective, lililotokana na kilimo cha mahindi na mboga kilichoanzishwa na Wabantu wa Somalia 2017, na ambalo sasa linawahudumia wakulima wa jamii nyingine nyingi. Buffalo ilikuwa imepungukiwa watu tangu 1950. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 278,349, ongezeko la kwanza baada ya miaka 70, na wahamiaji wanatajwa miongoni mwa sababu kubwa. Mji unaojaa tena hupata pia watu wa kuitika.

Saa nne usiku fomu bado ilikuwa mezani, na duara la chai limejichora juu ya swali la nne. Walirudi kwenye hesabu. Vikundi vinne, dakika kumi kila kimoja: jumla ni arobaini, sawasawa na safu ya arusi ya Kijana ikishaharibiwa na shangazi. Mwalimu akapendekeza waombe dakika zote arobaini kwa mpigo, chini ya jina moja, na wasipande jukwaani kabisa. Viti viondolewe. Kwaya ianze, ngoma za Buffalo zipokee, Bibi na wenzake waingie watakapoona panafaa.

"Utaonaje panafaa?" Kijana akauliza. "Waandaaji watataka ratiba."

"Nitaona," Bibi akasema.

Kijana akachukua kalamu. Swali la nne akaliruka. Swali la sita liliuliza idadi ya watumbuizaji. La saba, idadi ya watazamaji wanaotarajiwa.

"Watu wangapi watakuja?" Bibi akauliza.

"Mwaka jana walikuwa kama mia mbili."

"Andika watumbuizaji mia mbili."

"Na watazamaji?"

"Weka sifuri."

Akaandika. Mwalimu akasema watapigiwa simu Jumatatu asubuhi, waandaaji watadhani wamekosea kujaza. Mpiga ngoma alikuwa ameshasimama anaifunga ngoma yake kwenye blanketi, maana ana saa tano za barabara mbele yake na Jumamosi binti yake ana mazoezi.

"Wakipiga," akasema akiwa mlangoni, akitafuta kiatu chake cha pili, "waulizeni sakafu ya pale ni ya mbao au ya saruji. Ya saruji inawaumiza watoto magoti."